Mara kumi kuliko nini? Uhakiki wa namba zinazouza haidroponiki

Kama una simu janja na unafuatilia mambo ya kilimo, picha hii umeshakutana nayo: mabomba meupe ya PVC yamepangwa kama ngazi, kila tundu limechomoza saladi ya kijani kibichi, na pembeni kijana amesimama anatabasamu. Chini ya picha kuna namba mbili. Ya kwanza inasema utaokoa asilimia 90 ya maji. Ya pili inasema utavuna mara kumi zaidi. Hiyo ndiyo haidroponiki, yaani kulima mboga kwenye maji yaliyochanganywa virutubisho, bila udongo.

Leo tunazihakiki namba hizo mbili, na tunazihakiki tukiwa Mara, siyo kwingine. Kikundi cha vijana Bunda kinaweza kuchukua mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kikauweka wote kwenye mabomba kwa kuziamini namba mbili tu. Mkopo ule hauna riba, lakini unarudishwa. Mabomba yakikwama, deni linabaki palepale. Kwa hiyo swali letu ni jepesi, na hata wewe unaweza kumuuliza muuzaji yeyote: mara kumi kuliko nini? Mkoa wetu unaitwa Mara, lakini si kila "mara kumi" ni ya kwetu.

Namba zilikotoka

Andiko la kisayansi linalotajwa sana nyuma ya namba hizi lilitoka mwaka 2015. Liliandikwa na Guilherme Lages Barbosa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Walilinganisha saladi inayolimwa shambani eneo la Yuma, Arizona, na saladi ambayo ingelimwa kwa haidroponiki ndani ya kitalu nyumba hukohuko Yuma. Matokeo yao, kwa ufupi, ni haya:

- Mavuno: haidroponiki kilo 41 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, shambani kilo 3.9.
- Maji: haidroponiki lita 20 kwa kila kilo ya saladi, shambani lita 250.
- Nishati: haidroponiki kilojuli 90,000 kwa kila kilo, shambani 1,100.

Umeuona mstari wa tatu? Huo huwa haufiki kwenye matangazo. Kilojuli 90,000 ni sawa na uniti 25 za umeme. Ukinunua LUKU kwa takriban shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 8,750 za umeme kwa kilo moja ya saladi. Aliyetengeneza bango alichukua mistari miwili inayompendeza, wa tatu akauacha Arizona.

Kuna jambo la pili. Upande wa haidroponiki, watafiti wale hawakupanda saladi wakaipima. Walikokotoa kwa kanuni za uhandisi, wakitumia takwimu za tafiti nyingine. Hilo si kosa, ndivyo makadirio mengi yanavyofanywa, na wao wenyewe waliandika wazi. Ila makadirio ya karatasini yakishakuwa ahadi kwenye bango, mtu anayakopea hela.

Lakini ngoja kwanza. Haki ni kwa pande zote. Katika zile kilojuli 90,000, karibu 74,000 zinakwenda kupasha joto na kupoza kitalu nyumba, na kama 15,000 zinakwenda kwenye taa. Pampu za kuzungusha maji zinatumia 640 tu. Sasa Musoma iko chini kidogo ya ikweta. Jua lipo saa 12 kwa siku mwaka mzima, na hakuna baridi ya kukulazimisha uwashe hita. Ukiondoa hita, vipoozi na taa, gharama kubwa ya nishati inayeyuka. Kwa hiyo anayesema haidroponiki haifai kwetu kwa sababu inakula nishati zaidi ya mara 80, naye amebeba namba ya Arizona mpaka Mara bila kuikagua. Wote wawili, mshabiki na mpinzani, wamefanya kosa lilelile.

Shamba lililoshindwa lilikuwa la namna gani?

Kila mshindi ana aliyeshindwa. Tumwangalie huyu aliyeshindwa.

Yuma ni jangwa. Saladi pale hulimwa kwenye miezi ya ubaridi, kwa sababu kiangazi chake ni kikali mno. Karibu kila tone linaletwa kwa mifereji kutoka Mto Colorado. Hilo ndilo shamba lililotoa kilo 3.9 kwa mwaka na kutumia lita 250 kwa kilo.

Sasa njoo Butiama. Kuna mvua za vuli na kuna masika. Sehemu ya maji yanayonywewa na mboga inashuka kutoka mbinguni bure, hata kama siku hizi mvua zenyewe hazieleweki. Njoo Musoma. Mchicha unavunwa wiki tatu au nne baada ya kusia, halafu unasia tena, Januari mpaka Desemba, ilimradi kuna maji. Sukuma wiki ukiitunza unachuma majani wiki hadi wiki kwa miezi mingi kutoka kwenye shina lilelile. Sehemu kubwa ya lile "mara kumi" la Yuma inatokana na kitalu nyumba kuvuna mfululizo huku shamba likisubiri msimu. Bustani ya Musoma haisubiri msimu. Ukiilinganisha haidroponiki na bustani hiyo, pengo linapungua hata kabla hujafunga bomba la kwanza.

Onyo hili si jipya. Miaka ya 1930, Profesa William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza minyanya mirefu kuliko watu kwenye mapipa ya maji, akalipa jina kilimo hicho, na magazeti ya Marekani yakashangilia kwamba udongo umepitwa na wakati. Mwaka 1938 wenzake wa chuo kilekile, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakatoa kijitabu chao kuhusu kilimo cha maji. Walichokikuta ni kwamba ukiweka mimea kwenye mazingira sawa ya hewa na mwanga, na udongo ukiwa mzuri, mavuno ya maji hayaupiti udongo kwa kiasi cha kushangaza. Vifaa vimeboreka sana tangu hapo, lakini kanuni yao ya kulinganisha bado inasimama: maji yaliyotunzwa vizuri yashindane na udongo uliotunzwa vizuri. Ukishindanisha mfumo wa mamilioni na kipande cha ardhi kilichochoka, kisicho na samadi wala matandazo, umepima tofauti ya matunzo tu.

Na samadi, jamani, Mara ipo. Huu ni mkoa wa ng'ombe.

Joto lisilotajwa

Tuingie kwenye sayansi ya mizizi kidogo. Mizizi inapumua kama wewe, inahitaji oksijeni. Kwenye udongo hewa ipo katikati ya chembechembe. Kwenye haidroponiki, mizizi iliyozama inategemea oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo toa tena kama sehemu moja ya nane. Unabaki na takriban 6.6.

Wakati huohuo joto linaifanya mizizi ipumue kwa kasi zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Hapo vijidudu vya kuozesha mizizi vinapata mwanya, na kwa kuwa maji ni yaleyale yanayozunguka, mmea mmoja ukiugua ugonjwa unatembelea mabomba yote. Bomba la PVC lililoachwa juani Bunda saa nane mchana linapika maji. Saladi ni mmea wa ubaridi, ikipata joto sana inachanua mapema na majani yanakuwa machungu.

Kuna na habari ya umeme kukatika. Pampu ndogo ya wati 40 ikiwaka mchana na usiku inakula karibu uniti moja kwa siku, kama shilingi 350, siyo pesa ya kutisha. Kinachotisha ni saa zile ambazo haiwaki. Kwenye mfumo wa mabomba, maji yanapita kama utando mwembamba tu chini ya mizizi. Pampu ikizima kwenye jua kali, mimea inaanza kunyauka ndani ya saa chache. Bustani ya udongo iliyomwagiliwa asubuhi haijali TANESCO wamefanya nini mchana. Basi anayekuuzia mabomba bila kukuuzia betri na sola amekuuzia nusu ya mfumo.

Mbolea ya dukani haitoshi

Hapa ndipo wengi wanakwama, na matangazo hayasemi kitu. Mbolea ambazo mkulima wa Mara anazijua, zile za ruzuku tangu msimu wa 2022/23, ni UREA, DAP, CAN na NPK. Zimetengenezwa kwa ajili ya udongo. UREA ikiingia ardhini, bakteria huigeuza kuwa amonia kisha naitreti, ndipo mmea unaitumia vizuri. Kwenye tanki safi la maji bakteria hao ni wachache, kazi hiyo haifanyiki sawasawa. CAN ina naitrojeni nzuri, ila imechanganywa na chokaa ambayo haiyeyuki, inatuama chini na kuziba pampu. DAP ikikutana na kalsiamu inaganda kuwa unga mweupe usio na faida kwa mzizi.

Kinachohitajika ni chumvi safi zinazoyeyuka zote: naitreti ya kalsiamu, naitreti ya potasiamu, salfeti ya magnesiamu, madini ya chuma yaliyotengenezwa yasigande, na madini mengine machache kwa vipimo vidogo sana. Tena huwezi kuyeyusha vyote pamoja vikiwa vikali, kwa sababu kalsiamu na salfeti hushikana na kuwa jasi. Ndiyo maana wataalamu huweka matanki mawili, A na B. Juu ya hapo unahitaji kipimo cha uchachu na kipimo cha wingi wa chumvi, na mtu anayejua kuvisoma.

Kwa bahati nzuri Mara ina faida moja ambayo wauzaji hawaitaji. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache sana, kwa hiyo unaanza na karatasi nyeupe na unaandika virutubisho unavyotaka. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama unachota ziwani humo. Mwenye maji ya bomba la ziwa ana mwanzo mzuri kuliko mwenye kisima cha maji ya chumvi.

Na maji yaliyochoka yanakwenda wapi?

Haidroponiki inasifiwa kuwa safi kwa mazingira. Sifa hiyo inategemea unamwaga wapi. Baada ya wiki kadhaa uwiano wa virutubisho unavurugika, na wengi hubadilisha maji yote. Chukua kichocheo cha Hoagland, ambacho bado ni kipimo cha kulinganishia duniani. Kina takriban miligramu 210 za naitrojeni na 31 za fosforasi kwa lita. Ukimwaga tanki la lita 1,000 ambalo halijatumika sana, umemwaga kama gramu 210 za naitrojeni, karibu sawa na nusu kilo ya UREA, pamoja na gramu 31 za fosforasi. Ukiwa Musoma, mfereji wa mtaani unaishia ziwani, na ziwa hili tayari linaumwa: magugu maji na mwani vinashiba virutubisho tunavyovimwaga kutoka pande zote.

Dawa yake haina gharama. Maji hayo yamwage kwenye migomba au kwenye matuta ya mchicha. Lakini ona tulipofika: ili haidroponiki iwe safi, inahitaji bustani ya udongo pembeni yake.

Basi ni ya nani?

Historia inatuonyesha haidroponiki inapong'ara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lililima mboga kwa njia hii kwenye kisiwa cha Ascension, mwamba wa volkano katikati ya Atlantiki. Miaka ya karibuni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limesaidia wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko Tindouf, Algeria, kuotesha majani ya mbuzi kwa maji kidogo jangwani. Kote huko udongo haukuwepo au haukufaa.

Mara nayo ina sehemu za namna hiyo. Musoma mjini kuna viwanja vimejaa mawe, na kuna mpangaji ambaye eneo lake lote ni baraza la saruji. Kuna pia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira. Wanaopata mboga zao karibu na maji wanajua maana ya mita hizo 60. Kwa watu kama hao kauli ya "nenda ukalime kwenye udongo" haina msaada, na lita 20 kwa kilo ni namba yenye maana kubwa: ndoo moja, kilo moja ya majani.

Na kwa hao si lazima mabomba. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyo na pampu wala umeme. Unajaza chombo maji ya virutubisho, unafunika, unatoboa tundu na kuning'iniza mche mizizi ikigusa maji. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na mizizi inayobaki hewani inapumua hewa yenye unyevu. Saladi moja inahitaji takriban lita 4. Yaani ndoo ya lita 20 inabeba saladi tano, na kila moja ikifika gramu 200 tumerudi palepale: ndoo moja, kilo moja. Ukiiweka ndoo kivulini au ukaipaka rangi nyeupe kwa nje, joto nalo unalipunguza. Njia hii inafaa hasa zao la kuvunwa mara moja, lakini mtu anaweza kuanza na ndoo mbili badala ya mkopo.

Hesabu ya kikundi

Turudi kwa vijana wetu wa Bunda. Tuseme wameweka shilingi milioni 3 kwenye mfumo wa matundu 500, nao utadumu miaka mitatu. Kila tundu litoe saladi kila baada ya wiki tano, yaani mavuno kama 10 kwa mwaka. Hiyo ni saladi 5,000 kwa mwaka, kama hakuna hata moja iliyokufa. Gawa shilingi milioni 1 ya kila mwaka kwa 5,000: kila saladi imeshabeba shilingi 200 za vifaa peke yake. Pampu inaongeza kama 25. Mbegu, virutubisho, usafiri na jasho bado. Namba hizi ni za mfano, toa uweke zako.

Saladi inayouzwa kwenye hoteli na kambi za watalii upande wa lango la Ndabaka inaweza kuubeba mzigo huo, kama mnunuzi amepatikana kabla ya mabomba. Mchicha unaofungwa mafungu sokoni Bunda hauwezi, kwa sababu tundu moja halitoi hata fungu.

Hapo ndipo ukosoaji wetu mkubwa ulipo. Zao linalolipa kwenye mabomba si zao linalotulisha. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina kalsiamu kama miligramu 215. Saladi ya kichwa ina kama 18. Madini ya chuma, mchicha una zaidi ya mara tano. Tena mchicha na mgagani, ule ambao Wajaluo wa huku wanauita dek, ni mimea ya kundi linalostahimili joto na kutumia maji kwa ubahili, wakati saladi inahangaika. Ukisikia haidroponiki itamaliza utapiamlo Mara, uliza ni jani gani litakalokuwa kwenye yale matundu, na litaliwa na nani.

Tunachokitaka

Butiama kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Jaribio tunalolitamani halihitaji mitambo ya ajabu. Liwe na vitanda vinne ubavuni mwa ziwa: mchicha kwenye udongo wenye samadi, matandazo na umwagiliaji wa matone, mchicha kwenye bustani ya gunia, mchicha kwenye ndoo za Kratky, na mchicha kwenye mabomba yenye pampu. Kwa mwaka mzima yaandikwe mambo matatu kila siku: ndoo za maji, uniti za LUKU na shilingi zilizotoka. Kila mavuno yapimwe kwa mzani, na maji yaliyomwagwa yapimwe pia.

Mpaka siku hiyo ifike, ukikutana na bango lenye namba mbili, muulize muuzaji maswali haya kabla hujatoa hata shilingi. Shamba mlilolishinda lilikuwa wapi, na lilitunzwaje? Umeme ukikatika saa nane mchana, nina saa ngapi? Virutubisho nitanunua wapi vikiisha, na kwa bei gani? Maji yaliyochoka nitayamwaga wapi? Na nani ameshaahidi kununua?

Akijibu yote vizuri, mkaribishe chai muongee biashara. Akirudia "mara kumi" kwa sauti kubwa zaidi, mshukuru, kisha nenda kaongeze samadi kwenye tuta lako.